Kioo Kilichopoa Masika

2 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi. Karakana inavuja palepale inapovuja kila mwaka, na mimi nimeweka ndoo palepale.

Kazi imepatikana. Jana mkuu wa wauguzi wa hospitali alinipeleka kuona chumba. Ni chumba cha kungojea na kusali, wanapokaa ndugu wakati mgonjwa wao yuko ndani anapasuliwa. Hakina dirisha. Kina viti kumi na viwili vya plastiki, saa ya ukutani, na tundu la mraba kwenye dari lililofunikwa kwa plastiki iliyogeuka njano.

"Watu wanaingia humu na dini zao zote," aliniambia. "Wengine hawana hata moja, ila ukiwakuta humu wanasali. Sitaki sanamu ya mtu, sitaki maandishi. Nitafutie kitu cha kutazama. Sasa hivi wanatazama saa, na ile saa inawatesa kuliko ugonjwa."

Nilikubali kabla hajamaliza. Sikumwambia kwamba chumba kile nakijua. Nilishawahi kukaa kiti cha tatu kutoka mlangoni.

4 Machi

Mwalimu Digrii amekuja "kupita tu", kama anavyopita tu kila siku tangu astaafu. Alifundisha fizikia miaka thelathini. Jina la Digrii alipewa na wanafunzi, kwa kuwa hawezi kusema chai ni ya moto bila kutaja ni ya moto kiasi gani.

Nimemwonyesha mchoro: kioo cha duara kama sinia kubwa, unene wa kiganja, uzito wa kilo kama sabini, kingo zake zimechongwa mshazari. Kitaning'inia chini ya lile tundu. Mwanga wa mchana ukipita kwenye kingo utagawanyika, umwage rangi sakafuni, na rangi zitembee na jua kutoka ukuta huu hadi ule. Anayengoja atakuwa na kitu kinachokwenda, lakini kisichomhesabia dakika.

"Kuyeyusha si kazi," Mwalimu kasema. "Kazi ni kupoza. Nje kukipoa kabla ya ndani, kioo kinabaki kinavutana chenyewe kwa chenyewe. Ukikitazama ni kizima. Halafu siku moja, paa! Kiko chini."

Nimemwambia hizo ni habari za familia nyingi. Hakucheka, alikuwa anapiga hesabu. Kwa hesabu zake, kikishayeyuka kikae siku mbili kwenye digrii mia nne na themanini bila kutikisika, kisha kishuke digrii moja hivi kwa saa, na mwishoni haraka kidogo. Wiki mbili na ushei, na umeme usikatike.

Umeme usikatike, masika haya!

7 Machi

Mvua. Kalibu, lile umbo la plasta litakaloshika kioo, haikauki.

9 Machi

Mvua. Kalibu imekauka upande mmoja.

12 Machi

Leo nimemimina chai pembeni ya kikombe. Mwalimu alikuwepo. Nikasingizia mkono.

Naandika hapa kwa kuwa hapa hapana wa kuniuliza. Jicho la kushoto lina ukungu tangu mwaka jana. Nilidhani ni miwani, nikabadilisha miwani. Nilidhani ni taa, nikabadilisha taa. Sasa la kulia nalo limeanza kuiga tabia za mwenzake. Nani atampa kazi ya mwanga mtu asiyeona vizuri? Nitamaliza hiki kioo kwanza. Mengine baadaye.

15 Machi

Nilipanga mabonge ya kioo ndani ya kalibu juzi, nikawasha tanuri. Leo yameyeyuka yote, yamekuwa kitu kimoja. Nilichungulia kwenye kitundu cha mlango: ziwa dogo la rangi ya chungwa, limetulia kabisa. Mwalimu ananigombeza nivae miwani ya giza ninapochungulia. Siku hizi nikiivaa sioni kitu, kwa hiyo siivai.

Watu huniuliza kama mimi ni mtu wa dini. Mama alinifundisha kusali nimefumba macho. Mimi nikawa mtu wa kusali nimeyafumbua. Mwanga ukiingia ndani ya kitu kigumu, na kile kitu kikaupokea, hapo huwa nahisi kuna Mwenyewe chumbani. Ndiyo maana nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita. Tangu Mama aondoke sijahisi tena. Leo, joto lilipofika pake, nilisimama mbele ya tanuri nikangoja. Nikasikia mvua tu.

17 Machi

Wifi amepita na salamu. Zilikuwa zake mwenyewe, za mumewe hazikuwamo.

Mumewe ni mdogo wangu, tumbo moja, sisi wawili tu. Mtaa mzima unamwita Fyuzi. Watu wanadhani ni kwa sababu ni fundi umeme, kumbe jina lilitangulia ufundi: tangu utotoni alikuwa akikasirika anazimika, haongei na mtu siku tatu. Safari hii amezimika miaka minne. Mama alipozidiwa, daktari alitaka ndugu mmoja atie saini apasuliwe. Fyuzi alisema tusubiri. Mimi nikatia. Mama hakutoka. Msibani, mbele ya watu, mdogo wangu akasema, "Aliyetia saini anajijua."

Najijua. Sikuhitaji kutangaziwa.

Wifi alitaka kusema jambo, akaliacha. Alitazama tanuri, akauliza kama anaweza kukaushia soksi za watoto juu yake. Nilicheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Nikamwambia hapana.

19 Machi

Nimekaa chini sasa hivi. Mwandiko ni wa haraka, usomeke hivyohivyo.

Saa nane mchana mbingu ilifungua. Radi ikapiga transfoma ya barabarani, tukaiona inatema cheche, na karakana ikawa giza. Tanuri lilikuwa digrii mia nne thelathini na moja, mahali pabaya kuliko pote. Nikawasha jenereta langu dogo. Likakohoa mara tatu, likanyamaza. Nikalivuta mpaka bega likalia. Kimya.

Mwalimu alipiga simu ofisi ya umeme. Wakamwambia kesho, au keshokutwa, mvua ikiwaruhusu. Mia nne ishirini na nne. Nikafunika tanuri kwa pamba yote ya kuzuia joto niliyokuwa nayo, nikaikandamiza kwa matofali. Mia nne na kumi na saba. Mwalimu alikuwa anasoma namba kwa sauti, nikamwomba anyamaze, akanyamaza, ikawa mbaya zaidi. Nikamwambia asome.

Saa kumi kasoro gari likaingia uani kwa kurudi nyuma, matope yakiruka. Akashuka mtu amejifunika turubai. Nilimjua kwa mwendo kabla ya uso. Uso kwa kweli sikuuona vizuri mpaka alipokuwa hatua mbili kutoka kwangu.

Hatukusalimiana. Maneno ya kwanza ya mdogo wangu baada ya miaka minne yalikuwa haya:

"Tanuri lako linakula umeme kiasi gani?"

"Linakula kama wewe," nikasema. Lilinitoka tu.

Akanitazama. Kona ya mdomo ikacheza kidogo, akageuka, akaanza kushusha jenereta kubwa la kazini kwao. Alifungua sanduku la nyaya ukutani, Mwalimu amemshikia mwavuli kwa kuwa ndipo panapovuja, na akafanya kazi dakika arobaini bila kusema lolote isipokuwa "koleo", "tepu", na neno moja ambalo Mama angemchapa. Mia tatu tisini na nane. Halafu jenereta likanguruma na taa ndogo nyekundu ya tanuri ikawaka. Namba ikasimama. Ikasimama muda mrefu. Kisha mia tatu tisini na tisa.

Nilitoka nje nikalia kwenye mvua, ambapo hapana anayeweza kutofautisha.

Niliporudi nilimkuta Mwalimu Digrii, mtu wa namba, kaweka viganja viwili juu ya tanuri, kafumba macho, midomo inatembea. Alinisikia akashtuka.

"Napima joto," akasema.

"Kwa midomo?"

Ni yeye aliyempigia Fyuzi simu. Nilipomuuliza namba aliipata wapi, akajibu kwamba anayo siku zote. Mdogo wangu humpigia kila mwezi kuuliza kama mimi ni mzima.

22 Machi

Umeme umerudi. Fyuzi hajaja kuchukua jenereta. Alikuja kulikagua.

23 Machi

Amekuja kulikagua.

25 Machi

Amekuja kulikagua. Leo alikunywa chai. Aliongea habari za paa langu, kwamba linavuja kwa sababu misumari imepigwa na mtu mwenye haraka. Nikamwambia ilipigwa na yeye. Akanywa chai.

28 Machi

Digrii mia mbili ishirini na tano. Mvua.

30 Machi

Fyuzi kapanda juu ya paa. Wifi kanitumia ujumbe: "Usimshukuru, atateremka."

Sikumshukuru.

2 Aprili

Tumefungua. Mwalimu alisema tungoje siku moja zaidi, mimi sikuweza.

Ni kizima. Kizima kabisa, hakuna hata mstari. Tulikitoa kwa kamba na kapi, watu watatu, tukakiweka kwenye meza ya kupimia. Kipimo chenyewe ni rahisi: taa chini, halafu karatasi mbili za kuchuja mwanga, moja chini ya kioo na nyingine juu yake. Ukizipanga vizuri kila kitu kinakuwa cheusi. Kioo kilichotulia kinabaki cheusi. Penye mkazo, yaani panapovutana, panang'aa. Mkazo hauwezi kujificha pale.

Nikainama nikatazama. Giza lenye ukungu, kama ninavyoona kila kitu siku hizi. Nikatazama upande huu na ule.

"Safi," nikasema. "Kimetulia."

Mwalimu alikuwa anatafuta kalamu. Fyuzi alikuwa amesimama nyuma yangu, anafuta mikono.

"Dada, na hicho cheupe pembeni ni nini?"

"Kipi?"

"Hicho. Kama mkia wa jogoo. Halafu kina rangi rangi."

Nikainama tena. Naapa nilitazama palepale alipoweka kidole. Ukungu.

"Ah, hicho," nikasema. "Hicho ni kawaida."

Mwalimu akaja, akavaa miwani yake, akatazama. Akazungusha karatasi, akatazama tena. "Hiki si kawaida hata kidogo," akasema polepole. "Mkazo wa hivi ungekipasua siku ya kwanza jua kali likikipiga. Juu ya vichwa vya watu. Wewe hukuuona?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshaandaa uongo, uko mdomoni: taa hafifu, miwani ya zamani. Lakini nikawaona wale watu wa kiti cha tatu kutoka mlangoni, na kilo sabini juu yao.

"Sioni," nikasema. "Sijaona vizuri tangu mwaka jana."

Mwalimu akaketi juu ya ndoo. Fyuzi akatupa tambara alilokuwa anafutia mikono. Nilijua sasa atazimika, siku tatu au miaka minne. Badala yake akanishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, kama mtu anayezuia ngazi isianguke.

"Kesho saa mbili nakuja kukuchukua," akasema. "Na usinibishie, Dada, maana nitapiga kelele na mimi sitaki kupiga kelele."

3 Aprili

Daktari wa macho ni binti mdogo mwenye vidole baridi. "Umetazama moto miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Bila miwani ya giza?"

Fyuzi akajibu kwa niaba yangu, kwa kuguna.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alinieleza vizuri: ndani ya jicho mna lenzi, inapaswa kuwa angavu, na joto la miaka limeichemsha kama ute wa yai. Ukishaiva haurudi kuwa maji. Wanaitoa, wanaweka nyingine ndogo ya kutengenezwa. Kushoto kwanza.

"Kwa hiyo mtaniwekea kioo," nikasema.

"Aina ya plastiki," akasema. Nilivunjika moyo kidogo.

Kuna fomu ya ndugu. Muuguzi alimpa Fyuzi. Alishika kalamu muda mrefu. Sikumtazama, na yeye hakunitazama. Nikasikia kalamu inakwaruza karatasi, kisha akamwambia muuguzi, "Mna kalamu mbovu sana hapa."

4 Aprili

Kioo kimerudi tanurini. Mwalimu anasema kitapona: kipandishwe joto taratibu, kikae, kisahau, kishushwe upya kwa mwendo wa kinyonga. Hakika "kisahau" ni neno lake. Nilidhani watu wa fizikia hawana maneno kama hayo.

8 Aprili

Kesho. Sina la kuandika. Wifi kaniambia nisile asubuhi, kisha kaniletea chakula cha watu wanne nile leo.

11 Aprili

Naandika kwa jicho moja, lile jipya. Mistari imenyooka! Naanza tangu mwanzo.

Juzi tulikaa katika kile chumba tukingoja niitwe. Viti vilevile, plastiki ileile ya njano juu. Fyuzi alichagua kukaa mbali na kile kiti cha tatu, na mimi nikamfuata. Palikuwa na baba mmoja mtu mzima amevua viatu, amevishika mapajani kama mtu aliyealikwa nyumba ya wenyewe. Sote tulikuwa tunatazama saa. Mkuu wa wauguzi alisema kweli.

Ndani hawakunilaza usingizi. Walitia dawa jicho likafa ganzi, wakanifunika uso kwa kitambaa chenye tundu, na daktari akasema, "Tazama taa zangu." Palikuwa na taa tatu. Nilizitazama kupitia ute wa yai, nikiwaza kama vidole baridi vinatetemeka. Kisha zile taa zikaanza kuyeyuka. Sina neno jingine. Zikatanuka, zikaingia ndani ya maji, buluu ikatengana na waridi, zikazunguka, zikawa pana kuliko kitanda na kuliko chumba. Nimetengeneza mwanga maisha yangu yote na sijawahi kutengeneza kitu kama kile. Wala sikuwa nautengeneza. Ulikuwa unanitengeneza mimi.

Na hapo, nimelala chali, siwezi kugeuza hata shingo, nikahisi kwamba Mwenyewe yupo. Hakuna sauti niliyoisikia. Ilikuwa kama pale unapokuwa jikoni na unajua mama yako yuko chumba cha pili, hujamsikia, lakini unajua. Machozi yakatoka jicho lile jingine.

"Unaumia, mama?" daktari akauliza.

"Hapana. Endelea, mwanangu. Usiache."

Dakika ishirini, wanasema. Wakanifunga bandeji, wakanirudisha chumbani kwa mkono wa muuguzi. Jicho moja limefungwa, jingine ni ukungu wake wa siku zote. Fyuzi akanikalisha.

"Usinitazame," akasema.

"Nitakutazama na nini?"

Akavuta pumzi. "Siku ile ya Mama. Ulipokwenda kupigia watu simu, daktari alinifuata hapa. Akaniambia hata kama tungekataa, asingefika mwisho wa wiki. Kwamba saini yako ndiyo ilimpa nafasi pekee aliyokuwa nayo. Nilijua, Dada. Nilijua kabla ya msiba. Nilitaka mtu wa kumkasirikia, na wewe ulikuwa karibu."

Miaka minne nimeamka na ile saini. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kulala palepale kwenye kiti nilale wiki nzima.

"Kwa nini hukusema?"

"Kila mwezi uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi. Mwishowe nikawa namuuliza Mwalimu tu kama unakula."

"Mpumbavu wewe," nikamwambia.

"Ndiyo."

"Mpumbavu kabisa."

"Ndiyo, Dada."

Yule baba mwenye viatu akakohoa. Alikuwa amesikia yote, maskini, angekwenda wapi. Akasema kwa upole, "Msamehe kijana, mama." Kijana ana mvi. Tukacheka, na baba wa watu naye akacheka.

Jana walifungua bandeji. Kitu cha kwanza nilichoona kilikuwa ukuta mweupe. Mweupe! Nilikuwa nimesahau kwamba nyeupe ina ubaridi ndani yake. Cha pili kilikuwa uso wa mdogo wangu.

"Umezeeka," nikamwambia.

"Nilikuwa naogopa utasema hivyo."

16 Aprili

Mvua. Nimeitazama siku nzima. Kila tone lina ukingo.

21 Aprili

Karakana yangu ni chafu ajabu. Mbona hakuna aliyeniambia?

24 Aprili

Jicho la kulia limefanyiwa nalo. Safari hii taa zilikuwa taa tu, nzuri lakini taa. Sikusikitika. Mtu hamwiti Mwenyewe akaja kila mara.

30 Aprili

Tulifungua asubuhi. Nilijilazimisha kungoja mpaka kipoe kabisa, Mwalimu akiwa amesimama mlangoni na saa yake.

Tukakiweka mezani. Nikawasha taa, nikapanga karatasi. Nikainama.

Cheusi. Kutoka ukingo hadi ukingo, cheusi kama kisima. Nikakizungusha, nikatafuta ule mkia wa jogoo. Hakuna. Nikamwita Fyuzi atazame, nikamwita Mwalimu, nikamwita hata Wifi ambaye alikuja kwa mambo yake. Wote wakainama kwa zamu kama watu wanaochungulia kisima.

"Sioni kitu," Wifi akasema, anasikitika kwa niaba yangu.

"Ndiyo hivyo!" tukapiga kelele sote watatu, na Wifi akaruka.

4 Mei

Kuchonga kingo na kung'arisha. Mikono inauma. Naimba.

9 Mei

Kimepanda. Fyuzi alifunga nyaya nne za chuma, kila moja peke yake ingetosha, halafu akajining'iniza mwenyewe kuhakikisha, mkuu wa wauguzi akiwa ameziba macho. Plastiki ya njano imetolewa, tundu sasa ni angavu. Saa wameihamishia kwenye korido.

Saa nne wingu likapasuka na jua likaingia. Sakafu nzima ikajaa: nyekundu karibu na mlango, kijani katikati ya viti, zambarau imepanda ukutani. Palikuwa na mama mmoja anayengoja mwanawe atoke ndani, tangu alfajiri alikuwa amejikunja kama mtu mwenye baridi. Nilimwona anasogeza mguu mmoja kuelekea ile kijani. Akauacha humo. Kisha wa pili. Kisha akainua uso. Hakunijua mimi ni nani, na sikutaka anijue. Nilikaa kando yake tu, Fyuzi upande wa pili, tukamngojea mtoto wa mtu.

Saa tano na robo mlango ukafunguliwa. Daktari alikuwa ameshusha barakoa, anatabasamu kabla hajasema neno. Yule mama hakwenda kwa daktari. Alinigeukia mimi, mtu aliyekuwa karibu, akanikumbatia kwa nguvu mpaka miwani yangu mipya ya jua ikapinda. "Ametoka! Ametoka!" alikuwa ananiambia mimi, kama vile ni mimi niliyehitaji habari. Na kweli nilikuwa naihitaji.

Alipokwenda kumwona mwanawe, tukabaki sisi wawili. Mfanya usafi akaingia na ndoo, akatuambia tuinue miguu. Tukainua kama watoto. Akapitisha tambara juu ya ile nyekundu ya mlangoni, akaitazama, akapitisha tena kwa nguvu zaidi, akapiga goti moja, akasugua.

"Hii imemwagika lini?" akauliza kwa hasira. "Mbona haitoki?"

Fyuzi alicheka mpaka akashika kiti. Mimi nilijaribu kueleza, nikanyoosha kidole juu, sauti haikutoka kwa kicheko. Yule dada wa usafi akatazama juu. Akatazama mkono wake, mwekundu mpaka kwenye kiwiko. Akaugeuza, ukawa rangi ya chungwa. Akakaa pale chini na tambara lake, anaugeuza mkono, na yeye pia akaanza kucheka.

Mkuu wa wauguzi alichungulia kuona nani anayecheka katika chumba kile. Hakutunyamazisha. Aliacha mlango wazi.